Maisha ya Marehemu Jaji Benedicto Kiwanuka



Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, wenzangu walidhani nitamwandika Semei Kakungulu, maana ndiye aliyeingia Bukedi na bunduki zake mwishoni mwa karne ya 19. Lakini habari za Kakungulu zimekwisha andikwa mara nyingi. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakujulikana kwa vita. Alikuwa mwanasheria wa Buganda. Alikuwa Waziri Mkuu kwa muda mfupi, baadaye akawa Jaji Mkuu, naye akauawa kwa sababu ya kazi yake. Jina lake ni Benedicto Kiwanuka.

Huenda mtu akauliza: Kiwanuka ana nini na sisi wa Bulumbi? Nitajibu kwanza swali hilo, ndipo nianze habari yenyewe.

Sisi twakaa karibu na mpaka. Upande mmoja tuna Busia, upande mwingine tuna Tororo na Malaba. Mtu wa kwetu akienda sokoni na baiskeli yake hukutana na watu wa serikali wa kila namna: polisi, watu wa forodha, watu wa uhamiaji, na siku nyingine wanajeshi. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hujifunza kuogopa sare kabla hajajifunza sheria.

Nilipokuwa bado mwanafunzi, kijana mmoja wa jamaa yetu alikamatwa njiani akiwa na gunia la sukari. Alifungiwa mahabusu siku tano. Hakuambiwa kosa lake, wala hakupelekwa mbele ya hakimu. Mwisho baba yake mdogo aliuza mbuzi, akaenda na fedha, na kijana akarudi nyumbani bila karatasi yoyote. Jioni ile watu walikuja kutupa pole. Walisema mengi juu ya sukari, na juu ya mbuzi, na juu ya bahati mbaya. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kijana yule alifungwa kwa sheria gani. Si kwamba waliogopa kuuliza. Hawakujua kwamba jambo hilo laweza kuulizwa.

Marehemu Kiwanuka alijua kwamba laweza kuulizwa, na alipokuwa Jaji Mkuu aliliuliza mbele ya watu wenye bunduki. Ndiyo sababu nimemchagua.

UTOTO NA MASOMO

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika kijiji cha Kisabwa, sehemu za Bukomansimbi, ambazo siku hizo zilikuwa katika wilaya ya Masaka. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki, naye alisoma katika shule za misheni. Hakutoka katika nyumba za machifu wakubwa, na jambo hili tulikumbuke, kwa sababu baadaye wakubwa wa Buganda hawakumpenda.

Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliingia katika jeshi la Keya. Wazee wetu wa Samia na Bugwe, wa Padhola na wa Teso wanaijua habari ya Keya, kwa maana vijana wengi wa huku walichukuliwa, na wengine hawakurudi. Kiwanuka alirudi mwaka 1946. Baadaye alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu.

Fikirini kidogo juu ya kazi hiyo ya mkalimani. Jaji alikuwa Mwingereza, na mshtakiwa alikuwa mtu wa shamba asiyejua Kiingereza. Kati yao alisimama kijana mmoja, akibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Kwa siku nyingi alisikia jinsi mtu wa kawaida anavyoshtakiwa, anavyojitetea vibaya kwa kukosa maarifa, na anavyopelekwa gerezani bila kufahamu sawasawa yaliyosemwa juu yake. Nadhani hapo ndipo alipoona faida ya kuijua sheria.

Lakini hakuwa na vyeti vya kutosha vya kumwezesha kuisoma. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, naye aliamua kuanza upya. Mwaka 1950 alisafiri mpaka Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, akaingia Chuo cha Pius XII kule Roma. Huko alisoma Kilatini na masomo mengine yaliyotakiwa kwa mtu wa sheria. Mwaka 1952 alikwenda London, akasoma sheria katika Chuo Kikuu, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili katika chama cha mawakili kiitwacho Gray's Inn. Mwaka huo huo alirudi Uganda akafungua kazi yake. Alikuwa na umri wa miaka 34. Wanafunzi mnaokata tamaa kwa kuwa mmechelewa mwaka mmoja au miwili, jifunzeni kwake.

KATIKA SIASA

Chama cha Democratic Party kilianzishwa mwaka 1954, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Matayo Mugwanya. Mwaka 1958 Kiwanuka alichaguliwa kushika mahali pake. Shabaha ya chama ilikuwa Ukweli na Haki. Hapa kwetu Bukedi, hasa upande wa Tororo, chama hicho kilipata wafuasi wengi.

Wakati huo mambo ya kwetu hayakuwa mazuri. Chifu alikuwa na mamlaka ya kukadiria kodi ya kila mtu, na askari wake walikuwa na mamlaka ya kumkamata asiyelipa. Mtu mmoja akimkadiria mwenzake na kumkamata pia, ni rahisi sana kuonea. Mwezi wa Januari 1960 watu wa Bukedi waliinuka kwa hasira juu ya kodi na juu ya machifu. Nyumba zilichomwa, polisi walipiga risasi, na watu wakafa. Baadaye serikali iliunda tume kuchunguza sababu za ghasia hizo. Sisifu ghasia, kwa maana aliyeumia zaidi alikuwa mtu maskini. Lakini zilionyesha kwamba mahali ambapo mwananchi hana mlango wa kupeleka malalamiko yake, siku moja ataubomoa ukuta.

Mwaka 1961, mwezi Machi, ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima. Serikali ya Kabaka iliwakataza watu wa Buganda kupiga kura, na wengi walitii. Wachache wa huko waliopiga kura walikipa chama cha Kiwanuka karibu viti vyote vya Buganda, na pamoja na viti vya sehemu nyingine chama chake kikashinda. Hivyo mtu wa Kisabwa akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipopata madaraka ya ndani, yeye akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Cheo hicho hakikudumu. Katika mkutano wa London wa mwaka 1961 ilikubaliwa kwamba wajumbe wa Buganda wachaguliwe na Lukiko badala ya kuchaguliwa na raia wenyewe. Kiwanuka alilipinga jambo hilo kwa nguvu zote, akiona kwamba raia wa Buganda wamenyang'anywa kura yao. Hakusikilizwa. Katika uchaguzi wa Aprili 1962 chama cha Milton Obote kiliungana na chama cha Kabaka Yekka wakapata ushindi, na Obote ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962.

Kiwanuka alikubali kushindwa, akarudi katika kazi yake ya uwakili. Hakwenda msituni, wala hakukimbia nchi. Aliendelea kukiongoza chama chake na kuisahihisha serikali kwa maneno.

KIZUIZINI

Mambo ya Uganda yaliharibika upesi. Mwaka 1966 Katiba ya Uhuru ilifutwa, jumba la Kabaka likashambuliwa, na hali ya hatari ikatangazwa katika Buganda. Chini ya sheria za hali ya hatari mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwezi wa Desemba 1969 Rais Obote alipigwa risasi akajeruhiwa, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na watu wengi wakakamatwa. Kiwanuka alikamatwa mwaka huo, akawekwa gerezani bila kuhukumiwa.

Basi yule aliyewatetea wafungwa, sasa alikuwa mfungwa mwenyewe. Aliona kwa macho yake jinsi siku zinavyopita pasipo hakimu kuuliza, na jinsi mlango unavyofungwa na mtu ambaye hana haja ya kueleza sababu.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliiondoa serikali ya Obote kwa nguvu za jeshi. Siku chache baadaye aliwafungulia watu 55 waliokuwa kizuizini, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Watu walishangilia sana mitaani. Mwezi wa Juni mwaka huo Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu. Yeye ndiye mwananchi wa Uganda wa kwanza kushika kazi hiyo. Kabla yake walikuwa wageni.

Wako wanaomlaumu mpaka leo kwa kukubali cheo kutoka kwa mkono wa mwanajeshi. Lawama hiyo si ndogo, na mwanafunzi mwenye akili atafanya vema kuipima. Lakini yafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 1971 watu wengi waliamini kwamba wanajeshi watarudi kambini na uchaguzi utafanywa. Tena kiti cha Jaji Mkuu si mali ya Rais. Mwenye kukikalia akiwa mtu wa haki, raia hupata pa kukimbilia. Kiwanuka alikikalia kama mtu wa haki, na yaliyompata yathibitisha hivyo.

AMRI ZA JESHI

Sasa tutazame jinsi mamlaka ya kukamata yalivyogawiwa ovyo siku hizo, kwa kuwa hapa ndipo penye fundisho kubwa.

Kwa desturi ya sheria, mwenye kazi ya kukamata raia ni polisi, na polisi naye amefungwa kwa kamba: lazima awe na sababu, lazima aandike, na lazima ampeleke mtu mbele ya hakimu kwa wakati uliowekwa. Mwezi Machi 1971 serikali ya Amin ilitoa amri iliyowapa wanajeshi pia uwezo wa kukamata raia. Mwisho wa mwaka huo kikaundwa ndani ya polisi kikosi kilichoitwa Public Safety Unit, chenye makao yake Naguru, ambacho kiliambiwa kipigane na makondo, yaani wanyang'anyi wenye silaha. Mwaka 1972 ilitoka amri nyingine iliyoruhusu mtu anayeshukiwa kuwa kondo apigwe risasi. Ikatoka na nyingine iliyokataza serikali isishtakiwe mahakamani kwa mambo yaliyotendwa kwa ajili ya kulinda usalama.

Ziwekeni amri hizo pamoja mkaone. Ya kwanza iliongeza mikono ya kukamata. Ya pili ilitoa ruhusa ya kuua kwa kushuku tu. Ya tatu ilifunga mlango wa mahakama kwa yule aliyeonewa. Wengi walizipokea kwa furaha, kwa maana makondo walikuwa wamewatesa watu kweli kweli, na kila mtu alidhani amri hizo ni za mwizi, si zake. Lakini anayeshukiwa si mwizi bado, na kila mtu aweza kushukiwa. Muda si mrefu walioanza kupotea hawakuwa makondo. Walikuwa wafanya biashara, makarani, askari wa makabila yaliyoshukiwa, walimu, na watu ambao mtu fulani alitaka gari lao au shamba lao.

Mwezi Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza watoke nchini kwa muda wa siku 90. Wengine walipita hapa kwetu kwa gari la moshi, kutoka Kampala mpaka Tororo, wakavuka Malaba kwenda Mombasa. Njiani wanajeshi waliwapekua na kuwanyang'anya saa, fedha na mapambo. Kulikuwa na askari kila mahali, lakini hapakuwa na wa kumshtakia.

JAJI NA MFUNGWA MMOJA

Katika siku hizo hizo, mwezi Septemba 1972, Mwingereza mmoja mfanya biashara alikamatwa na wanajeshi akafungiwa katika gereza la kijeshi la Makindye. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus. Maana yake ni kwamba uwe na mwili, yaani yule aliyemfunga mtu aulete mwili wake mbele ya jaji, mtu mwenyewe aonekane kwa macho, na aliyemfunga aeleze kwa sheria gani amemfunga. Akishindwa kueleza, mtu huachiliwa papo hapo.

Amri hii ni ya zamani sana. Waingereza waliitumia miaka mamia kabla ya kufika Afrika, nao wakaja nayo. Haiulizi kama mtu ni mwema au mbaya. Haiulizi kabila lake wala dini yake, wala kama ni mgeni au mwenyeji. Yauliza mambo mawili tu: mtu yuko wapi, na amefungwa kwa sheria gani.

Shauri lile lilikuwa la hatari. Mfungwa alikuwa Mwingereza wakati Rais alipokuwa akiwatukana Waingereza kila siku katika redio. Jaji mwoga angaliweza kusema kwamba hana nafasi, au kwamba karatasi zina kasoro, au angalimpelekea mwenzake. Kiwanuka alisikiliza shauri mwenyewe. Aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na uwezo wa kisheria wa kumkamata mtu huyo, na kwamba kumweka gerezani kulikuwa kinyume cha sheria. Mwingereza yule akafunguliwa.

Angalieni vizuri yaliyofanyika. Kiwanuka alikuwa mpigania Uhuru. Hakumpenda mkoloni, na hakuwa na deni kwa Mwingereza yeyote. Lakini alifahamu kwamba kama mgeni yule aweza kufungwa bila sheria, basi mkulima wa Masaka aweza pia, na mwenye baiskeli wa Busia aweza pia. Haki ya mtu usiyempenda ndiyo kipimo cha haki yako.

MWISHO WAKE

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliokuwa Tanzania walivuka mpaka kuishambulia Uganda. Walishindwa, na hofu ikatanda nchini. Kila mpinzani wa zamani akashukiwa.

Tarehe 21 Septemba asubuhi Kiwanuka alikuwa katika ofisi yake ya Mahakama Kuu mjini Kampala. Watu wenye silaha, waliovaa nguo za kiraia, waliingia wakamchukua. Walimfunga pingu, na yasimuliwa kwamba walimvua viatu. Wakamtoa mbele ya watu mchana peupe, wakamtia katika gari la Peugeot, wakaondoka naye. Hawakuonyesha hati yoyote ya kumkamata. Mahali pale ndipo palipokuwa nyumba ya sheria ya nchi nzima, na aliyechukuliwa ndiye mkuu wake, na hapakuwa na polisi aliyeweza kuwazuia.

Hakuonekana tena. Inaaminiwa kwamba alipelekwa Makindye, gereza lile lile alikomtoa mfungwa wake, na kwamba aliuawa kabla mwezi haujaisha. Alikuwa na umri wa miaka 50. Serikali ilikana kwamba ilimkamata. Mwili wake haukupatikana kamwe, na jamaa zake hawakupata maiti ya kuzika.

Hapo, wasomaji, ndipo habari hii inaponigusa kila niisomapo. Alikuwa ametoa amri kwamba mwili wa mtu uletwe. Wake mwenyewe haukuletwa. Palikuwa na sheria ya kuuliza yuko wapi, palikuwa na majaji na mawakili walioijua kwa moyo, lakini baada ya siku ile nani angethubutu kuiuliza? Alipochukuliwa aliyeuliza, maelfu wengine walichukuliwa bila kuulizwa.

Mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa kelele za dunia, aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied ili ichunguze watu waliopotea. Tume hiyo haikuficha: ilionyesha kwamba kikosi kile cha Naguru na watu wa upelelezi wa State Research Bureau walihusika sana katika kupoteza watu. Hakuna lililotengenezwa. Amin aliondolewa mwezi Aprili 1979, lakini mauaji na vizuizi viliendelea chini ya serikali zilizofuata. Mwaka 1986 iliundwa tume nyingine chini ya Jaji Arthur Oder, ambayo ilisikiliza ushahidi wa watu kwa miaka mingi, ikatoa taarifa yake mwaka 1994. Tangu mwaka 2018 Mahakama ya Uganda imeweka hotuba ya ukumbusho wa Kiwanuka mwezi wa Septemba, na majaji hukutana kumkumbuka mwenzao.

TULILORITHISHWA

Kutokana na mateso hayo, waliotunga Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 waliandika haki za mtu aliyekamatwa kwa maneno yasiyo na fumbo. Nitazitaja hapa, kwa kuwa heri mwanafunzi azijue hizi kuliko kujua urefu wa mito ya Ulaya.

Mtu akikamatwa lazima aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa, na kwamba anayo haki ya kuwa na wakili. Lazima awekwe mahali palipokubaliwa na sheria, si katika nyumba ya siri. Akitaka, jamaa zake waarifiwe upesi. Asipofunguliwa mapema, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Asiteswe kamwe; na Sheria ya mwaka 2012 yasema kwamba mtesaji hawezi kujitetea ati aliamriwa na mkubwa wake. Na ile amri ya kuuleta mwili mbele ya jaji haiwezi kusimamishwa hata katika hali ya hatari. Sheria ya mwaka 2019 imeongeza kwamba ofisa anayevunja haki ya mtu aweza kulipishwa yeye mwenyewe.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, wana Katiba ya mwaka 2010. Huko muda wa kufikishwa mahakamani ni saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo umeisha mahakama zimefungwa. Basi mtu wa Busia avukapo mpaka, na saa za haki yake zabadilika. Ni vema azijue zote mbili.

Lingine ni dogo, lakini limekula mbuzi wengi wa kwetu: dhamana ya polisi katika Uganda ni bure. Hailipiwi. Anayedai fedha kwa dhamana hiyo adai kinyume cha sheria, naye aweza kushtakiwa kwa wakubwa wake, au kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda.

Sisemi kwamba karatasi zatosha. Mahakama zingali zinapokea maombi ya watu waliofungwa kupita saa 48, na wengine wanatafutwa na jamaa zao kituo hata kituo. Wala sisemi kwamba polisi ni adui. Miongoni mwa wazee wa shule hii wamo polisi, nao hukesha usiku ili sisi tulale. Polisi mwema hapotezi kitu kwa kuulizwa swali la haki. Aliye na sababu hujibu. Nasi raia tuna wajibu wetu: tusipigane na anayetukamata, tusitoe rushwa halafu tukalalamikia rushwa, tusishangilie mwizi anapochomwa moto sokoni pasipo hakimu. Anayeshangilia jambo hilo anaitaka tena ile amri ya mwaka 1972, ila hajui.

Neno la mwisho ni juu ya lugha. Wazee wengi wa Uganda walikichukia Kiswahili, kwa sababu kilikuwa lugha ya jeshi na ya kizuizi cha barabarani. Walikisikia wakiambiwa watoke ndani ya gari, walale chini, watoe fedha. Siwalaumu. Lakini lugha haina kosa. Kwa Kiswahili hicho hicho, mwanafunzi wa Bulumbi aweza kusimama mbele ya kituo, kwa adabu, akamwamkia afande, akauliza ndugu yake yuko wapi na amefungwa kwa sheria gani.

Kijana yule wa sukari sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na mmoja wao anasoma katika shule hii. Nimemwomba mtoto huyo aisome habari hii nyumbani kwa sauti, baba yake asikie.